Jina la Pili

Nchini Kenya mtu akijitambulisha kwa jina moja, iwe Peter, Mary au Hassan, aghalabu huulizwa la pili. Siku za kawaida swali hilo ni la mzaha na ujirani: jina la ukoo humwambia muulizaji asalimie kwa lugha gani na amtanie mwenzake kuhusu chakula kipi. Lakini kati ya tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa, na tarehe 28 Februari 2008, mkataba wa amani ulipotiwa saini, jina la pili lilitosha kumuua mtu. Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuwaka. Soko la Toi liliporwa na kuchomwa, reli inayokatiza mtaa ikang'olewa, na katika vijiji kama Gatwekera, Laini Saba, Lindi na Makina, ambako Mluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na Mnubi walikuwa wamepanga mlango kwa mlango, makundi ya vijana yalipita yakiuliza nani anaishi wapi. Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, nayo ilishuhudia nyumba na maduka yakichomwa kwa hesabu ileile ya makabila.

Walioulizwa hawakujibu sawa. Wapo walioonyesha kidole. Wapo pia waliosema, "Hapa hayupo, alihama jana," na aliyetafutwa yuko chini ya kitanda, ameziba mdomo wa mtoto wake. Masimulizi ya namna hii ya pili yamesikika Kibera, Mathare, Kawangware na hata Bonde la Ufa, na ni mengi kiasi kwamba hayawezi kuitwa bahati. Nayatazama hapa si kwa ajili ya sifa, maana sifa ni rahisi na haimjengei mtu hata choo. Nayatazama kwa sababu yanajibu swali ambalo wanafalsafa wamelibishania kwa zaidi ya miaka 200: je, zipo kanuni za maadili zinazomfunga kila mtu, popote alipo, bila kujali faida, ukoo wala matokeo? Naamini zipo. Naamini pia kwamba ushahidi wake bora hautoki katika vyumba vya mihadhara, unatoka katika vyumba vya mabati. Na kwamba kanuni hizo, zikipimwa kwa haki, huwabana wenye mamlaka kuliko zinavyowabana maskini, kinyume kabisa cha tulivyozoea kuzitumia.

Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka 1724 katika mji wa Königsberg na kuishi huko karibu maisha yake yote, alitoa mwaka 1785 kitabu chembamba kuhusu msingi wa maadili. Alidai kuwa wema wa tendo hautokani na matunda yake, unatokana na kanuni ambayo mtendaji ameifuata. Namna ya kuipima kanuni hiyo ni kujiuliza kama unaweza kutaka ifuatwe na watu wote, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wa watakaofanyiwa. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa mkopaji anayeahidi kulipa huku akijua hatalipa. Kila mtu akifanya hivyo ahadi zenyewe hufa, na mkopaji huyo hapati tena wa kumdanganya. Mfano huu hauhitaji mhadhiri kwa mwanamke wa Kawangware aliye katika chama cha watu kumi wanaochangiana kila wiki: wa kwanza kupokea akitoweka, wa kumi hana chake, na wiki inayofuata hakuna chama. Kant aliongeza kipimo cha pili, kwamba mtu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia malengo ya mwingine. Waswahili nao wamekifupisha kipimo cha kwanza katika methali isiyo na huruma: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayeurusha anaambiwa akasimame alipo nguruwe.

Kwa kawaida wanafalsafa hukitumia kipimo hicho akilini tu. Huwaza itakuwaje kanuni fulani ikifuatwa na wote, kisha wakaenda kulala. Kenya ilikijaribu kwa vitendo. Kanuni iliyotembea Kibera siku zile za mwanzo ilikuwa hii: mtu wa jina fulani hana haki ya kuishi hapa. Walioitumia hawakudhani ingevuka mipaka ya kijiji chao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia ndani yake. Kufikia wiki ya mwisho ya mwezi huo kanuni ileile, ikiwa imebadilisha majina tu, ilikuwa Nakuru na Naivasha, ambako tarehe 27 watu wa kabila la upande wa pili waliteketezwa ndani ya nyumba walimojificha. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyokabidhi ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133. Kwa lugha ya vitabu tungesema kanuni hiyo inajipinga yenyewe. Kwa lugha ya barabarani: hakuna Mkenya asiye na jina la pili, wala hakuna kabila lililo la wengi kila mahali, kwa hiyo kanuni inayoruhusu kumwinda mtu kwa jina lake humwinda aliyeitunga punde tu anapopanda matatu.

Hadi hapo Kant na jirani aliyemficha mwenzake wako upande mmoja. Wanaachana mlangoni. Mwaka 1797, akiwa na umri wa miaka 73, Kant alimjibu Benjamin Constant, mwandishi aliyekuwa Ufaransa, kuhusu swali linalofanana mno na yaliyotokea Kibera: muuaji amekuja kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, je, yafaa umdanganye? Kant alijibu kwamba haifai. Kusema kweli, kwake, ni deni kwa wanadamu wote. Ukidanganya, na kumbe rafiki yako amekwisha kuchomoka bila wewe kujua, akakutana na muuaji njiani, lawama ni yako, ilhali aliyesema kweli hawajibiki kwa litakalofuata. Wengi wameitupilia mbali falsafa yote ya wajibu kwa sababu ya jibu hilo, na si vigumu kuwaelewa. Mimi naona kasoro iko katika nyumba aliyoiwaza. Nyumba ya Kant ina pa kutokea bila kuonekana, na ina majirani wanaoweza kufika na kumkamata muuaji wakati bado anapekua. Chumba cha kawaida cha Kibera ni futi 10 kwa 10, kuta za udongo au mabati, mlango mmoja, ukuta mmoja kwa kaya mbili. Mtu akikohoa upande huu, upande wa pili wanajua ni nani. Majirani ndio hao waliokuja na mapanga, au wamejifungia kwa hofu ya hao waliokuja. Hapo kunyamaza ni jibu. Kusema "sisemi" ni jibu pia. Hakuna nafasi ya tatu kati ya kumtoa mtu na kudanganya, na anayedai ukweli katika chumba hicho anadai, apende asipende, kwamba mtu atolewe.

Je, uongo huo unapita kipimo cha kanuni ya wote? Unapita, na bila kupindisha chochote. Kanuni ya jirani haikuwa "nitadanganya inaponifaa". Ilikuwa "simtoi mtu kwa anayetaka kumuua, hata ikinibidi nidanganye". Tuseme kila Mkenya aifuate, na kila mwenye panga ajue kwamba inafuatwa. Wauaji wataacha kuamini majibu ya milangoni. Wataanza kupekua, naam, na kupekua vyumba mia kunakula muda ambao mtu anaweza kuutumia kukimbia. Lakini lengo la kanuni halikuwa kuaminiwa na wauaji, kwa hiyo wakiacha kuiamini hakijapotea kitu ila wepesi wa kazi yao. Hapo ndipo tofauti na mkopaji wa Kant ilipo: yule anahitaji ahadi iendelee kuaminiwa ili aitumie vibaya, huyu anahitaji usiku upite. Tena aliyekuja na panga haulizi kama watu wanavyoulizana njia ya kwenda stendi. Anamtaka jirani ashiriki katika kuua kwa ulimi wake, anamfanya chombo. Kumnyima ulimi huo ni kukataa kutumika, na kukataa huko ni kipimo cha pili cha Kant mwenyewe kikifanya kazi dhidi ya jibu la Kant. Watu hudaiana ukweli kwa sababu kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa mtu. Aliyekuja kuua kwa jina ameshaifuta hesabu hiyo, na hana tena anachodai.

Atakayenipinga kwanza atasema sihitaji falsafa yote hii: waliofichana walikuwa majirani tu. Walichota maji kwenye mfereji mmoja, walikopeshana unga, watoto wao walicheza pamoja kando ya reli. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Huo, atasema, ni mvuto wa moyo kwa mtu unayemjua, wala si kanuni kwa binadamu wote. Pingamizi hili lina nguvu hadi tuwakumbuke wale wengine. Mwishoni mwa mwaka 2001, wakati siasa za 2007 hazijazaliwa, Kibera ilimwaga damu kwa sababu ya kodi ya nyumba, baina ya wapangaji, wengi wao Waluo, na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, baada ya wakubwa wa siasa kutamka kwamba kodi ipunguzwe. Watu hao walikuwa wakijuana kwa miaka. Mwaka 2008 tena wapo walioingia katika vyumba vya majirani waliokimbia, wakakaa humo, wakakataa kulipa na wakakataa kutoka. Nao walikuwa wamechota maji kwenye mfereji uleule na kukopa unga kwenye mlango uleule. Kujuana kulikuwa sawa, matendo yalitofautiana. Kitu kisichotofautiana hakiwezi kueleza tofauti.

Zaidi ya hayo, mvuto wa moyo siku zile ulikuwa unaelekea kwingine. Damu nzito kuliko maji, na aliyemficha mtu wa kabila jingine aliitwa msaliti na watu wa kwao, nyumba yake ikawa ya kwanza kutajwa kwa kiberiti. Faida ilisema mtoe. Woga ulisema mtoe. Mapenzi ya ukoo, ambayo tunayaimba kila siku kama hazina yetu ya Kiafrika, nayo yalisema mtoe. Kilichosema usimtoe lazima kiwe kitu cha nne. Sidai kwamba aliyekisikia alikiita wajibu, wala kwamba alijua jina la Kant. Nadai tu kwamba hakuna maelezo mengine yanayobaki baada ya hayo matatu kuondolewa.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la matokeo, na sitalipitia mbio. Ploti ina vyumba kumi na watoto labda thelathini. Mpangaji mmoja anamficha mtu mmoja. Vijana wakigundua, ploti yote itachomwa. Je, huyu mwenye wajibu safi hajaziweka rehani roho za watoto wasiomhusu ili yeye asichafuke mikono? Jibu la haki linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo hasira huyachanganya, na ni utengano ambao Kant aliuona vizuri: kuna wajibu usio na punguzo, na kuna wajibu wenye nafasi ya kupima hali. Kumhifadhi mtu kwako ni wajibu wa aina ya pili. Mama wa watoto wanne aliyesema, "Siwezi, dada yangu, jaribu kwa Mama fulani kule chini," hakuvunja chochote ninachoweza kumshtaki nacho. Hofu yake ilikuwa na sababu, na watoto wake nao walimdai. Kutomwonyesha mtu kwa wauaji ni wajibu wa aina ya kwanza. Ndiyo maana mtaani watu hawakumlaani aliyefunga mlango kwa namna walivyomlaani aliyeonyesha kidole, hata pale ambapo matokeo kwa marehemu yalikuwa mamoja. Na yule apigaye hesabu ya mmoja kwa thelathini asahau kidogo tarakimu zake, aangalie ni nani aliyeziandika. Ni muuaji aliyeamua kwamba ploti itachomwa. Akijua kuwa tishio la watoto thelathini linamnunulia mtu mmoja leo, kesho atatishia sitini apate wawili. Walioshika wajibu walitumia akili: wengi waliokuwa hatarini Kibera walitoka, wakafika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako maelfu walipiga kambi Januari ile. Kanuni iliwakataza kitu kimoja tu. Haikuwakataza kufikiri.

Kuna wanaosema wajibu ni anasa ya walioshiba. Mwenye njaa hana miiko, wanasema, na hapa wana msaada wa mwanafalsafa mkubwa wa kwetu. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliandika mwaka 1989 kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha: usalama wa mwili, chakula, afya. Sababu aliyoitoa ni nzito kuliko huruma. Bila kiwango hicho, alisema, mtu anaweza kuwa hai lakini hawezi kutenda kikamilifu kama mtu mwenye dhamana ya kimaadili. Na jamii inayomnyima haina uso wa kumdai aheshimu haki za wengine. Haki hiyo, kwa Oruka, haiishii mpakani. Ndiyo iliyomfanya aseme msaada wa mataifa tajiri ni deni, wala si hisani. Nakubaliana naye kuhusu deni kwa moyo wote. Kuhusu uwezo wa kutenda nasita. Waliowaficha wenzao Kibera walikuwa chini ya kiwango hicho kwa mizani yoyote. Hawakuwa na usalama wa mwili hata chembe, maji walinunua kwa mtungi, choo kililipiwa. Na bado walitenda kama watu wenye dhamana kamili, kuliko wengi waliokuwa nyuma ya mageti. Oruka akisomwa vibaya hutupa picha ya maskini kama mtu nusu ambaye tumpe kwanza ugali ndipo tumdai utu. Picha hiyo ni tusi, hata ikichorwa na rafiki. Njaa humpunguzia mtu lawama anapoanguka. Haimwondolei uwezo wa kusimama. Haki yake ya chakula na maji haitokani na kwamba bila hivyo hatakuwa mtu. Inatokana na kwamba tayari ni mtu, na sisi tumemfanyia kinyume.

Pingamizi la kwamba kanuni za wote ni mali ya Wazungu halinichukulii muda mrefu. Ni kweli Kant aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika na kupanga rangi za watu kwa madaraja. Kanuni yake ndiyo inayomhukumu: hakuwa tayari kusimama alipowasimamisha wengine. Kanuni ya kweli humshinda hata aliyeitamka, na hiyo ndiyo faida ya kuwa na kanuni. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alionyesha kwamba kujiweka mahali pa mwenzako bila upendeleo ni sharti la jamii yoyote ya wanadamu kuweza kuishi pamoja, iwe ya Waakan au ya Wajerumani. Wanaotuambia kwamba maadili ya Kiafrika ni ya jamii na hayahitaji kanuni za jumla wajibu swali la Januari 2008: ni jamii ipi? Kila kundi lililopita likigonga milango lilisema linaitetea jamii yake. Ujamaa usio na kanuni iliyo juu ya ukoo huishia kuwa mtaji wa mgombea.

Sasa nigeuze mkuki. Kanuni ya wote hutumika Nairobi kila siku, ila kwa upande mmoja. Maskini huambiwa asijiunganishie stima kinyemela, kwani kila mtu akifanya hivyo transfoma italipuka. Asijenge penye hifadhi ya reli. Asichote maji kwenye bomba lililotobolewa. Ni hoja za Kant, neno kwa neno, na si za uongo. Lakini Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba mkazi wa mtaa kama Kibera hulipia lita moja ya maji mara 5 hadi 10 zaidi ya anayeishi katika mtaa wa kitajiri wa mji huohuo. Ni nani aliyepima kanuni hiyo? Nani angetaka iwe sheria ya wote, kwamba anayepata kidogo zaidi ndiye alipe bei kubwa zaidi? Kawangware na Lavington ya matajiri zinapakana. Serikali haihitaji kumuuliza mkazi jina lake la pili. Jina la mtaa wake linaitosha.

Mashirika ya Human Rights Watch na Amnesty International yaliandika kuhusu watu wasiopungua 33 waliouawa Nairobi Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka ule, wengi wao kwa mikono ya polisi, katika mitaa ya Mathare, Kibera, Kawangware na mingine ya aina hiyo. Risasi hizo hazikufyatuliwa Lavington. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya barabara inayoiunganisha Ngong Road na Langata. Nyumba, makanisa na shule vilianguka, maelfu wakabaki nje katika baridi ya Julai. Kulikuwa na makubaliano kwamba watakaoathirika wahesabiwe na mpango wa kuwahamisha uandaliwe kwanza. Matingatinga yalifika kabla mpango haujakamilika. Huyo ndiye mkopaji wa Kant, safari hii akiwa na muhuri wa serikali. Anayesema barabara ni kwa faida ya wengi huenda anasema kweli, nami sina ugomvi na barabara. Penye hatimiliki barabara hutanguliwa na notisi, wathamini na fidia. Penye mabanda, kwenye ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya serikali, aliyekuwa njiani alihesabiwa kuwa kifusi. Wanubi, ambao babu zao askari walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita kwa ruhusa ya jeshi la Waingereza, walisubiri hadi Juni 2017 kupewa hati ya ekari 288. Ahadi ikichukua miaka mia, anayeahidiwa hufa akiwa mpangaji.

Katiba ya 2010 imeyaandika haya bila mafumbo. Ibara ya 28 inampa kila mtu hadhi ya kuheshimiwa. Ibara ya 43 inataja makao, maji safi ya kutosha, chakula na afya. Hazimtaji mwenye hatimiliki wala mwenye jina fulani. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: katika jaribio la kanuni za wote lililofanyika Nairobi tangu mwisho wa 2007, waliofaulu kwa tabu ni baadhi ya wapangaji wa vyumba vya futi 10, na aliyeshindwa kwa wazi, mara kwa mara, ni mwenye sare na mwenye muhuri, ambaye wajibu wake haukumgharimu hata nyumba.

Kazi moja imebaki, na haisubiri serikali. Tume ya Waki ilipewa jukumu la kuchunguza ghasia, na ghasia ndizo ilizohesabu. Kesi za ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, zilikwisha bila hukumu: ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto na Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iko serikalini tangu Mei 2013. Waliodanganya mlangoni ili kuokoa mtu hawakuwa jukumu la tume yoyote. Wengi wangali hai. Wengine wamezeeka, wengine wamerudi mashambani, na kumbukumbu zao zinaondoka nao. Walimu wa historia, wanafunzi wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, makanisa ya Kawangware, msikiti wa Makina, vikundi vya akina mama na vya vijana: nendeni mkawasikilize na mkaandike, kwa ridhaa yao, bila kuwataja ikiwa ndivyo wapendavyo. Andikeni pia walichoogopa, na walichopoteza. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.